Je, Wajua? Sindano ya Kujidunga Nyumbani na Sababu Zinazoifanya Iume

Je, wajua kwamba ngozi ya tumbo la mtu mnene na ya tumbo la mtu mwembamba karibu zinalingana unene? Kwa watu wazima ni kama milimita 2 hadi 2.5 tu. Kinachotofautiana ni mafuta yaliyo chini yake. Ndiyo maana sindano ya kalamu ya insulini, dawa ya kisukari, yenye urefu wa milimita 4 humfikishia dawa karibu kila mtu mzima, hata mwenye kitambi. Mtu akikuambia unene wako unahitaji sindano ndefu, muulize kwa nini.

Sindano ndefu mno huvuka mafuta na kuingia kwenye msuli. Msuli huuma zaidi, na juu ya hayo hunyonya insulini haraka, kwa hiyo sukari inaweza kushuka ghafla kabla chakula hakijafanya kazi tumboni. Wanaovuta dawa kutoka kwenye chupa kwa bomba hawawezi kupata sindano ya milimita 4, kwa sababu lazima itoboe kwanza kizibo cha mpira. Nyingi zao ni za milimita 6 au 8. Mwembamba anayetumia bomba hukunja ngozi kwa kidole gumba na cha shahada, akaiinua taratibu, na kama hana nyama ya kutosha huiinamisha sindano badala ya kuisimamisha wima. Ukikamata kwa kiganja kizima utainua na msuli pia, na hapo kukunja hakuna faida.

Je, wajua jinsi wagonjwa wa mwanzo walivyojidunga? Januari 11, 1922, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini katika hospitali ya Toronto, Kanada. Dawa ilikuwa na uchafu mwingi, na pale ilipoingia pakafanya jipu. Mkemia James Collip alikaa usiku na mchana akiisafisha, na Januari 23 kijana akadungwa tena, safari hii sukari ikashuka. Agosti mwaka huohuo alifika Toronto Elizabeth Hughes, binti wa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, akitimiza miaka 15 na uzito wa takriban kilo 20. Kwa kuwa dawa ya siku zile ilikuwa hafifu, ilibidi adungwe ujazo mkubwa kwenye mapaja, akaumia sana, lakini akajifunza kujidunga mwenyewe. Alifariki mwaka 1981. Inakadiriwa kwamba maishani mwake alidungwa mara 42,000 hivi.

Wagonjwa wa kizazi chake walikuwa na bomba la kioo na sindano nene ya chuma, moja kwa miezi mingi. Waliichemsha kwenye sufuria, na ncha ilipokuwa butu waliinoa kwenye jiwe. Kalamu ya kwanza ya insulini ilitolewa na kampuni ya Novo ya Denmark mwaka 1985.

Dawa baridi huuma. Hilo ni jambo dogo, lakini watu wengi hawajaambiwa: wanaitoa kwenye friji na kujidunga papo hapo. Itoe nusu saa kabla, iache mezani. Usiitumbukize kwenye maji ya moto wala kuianika juani, maana joto kali huiharibu. Insulini isiyofunguliwa hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, bila kuganda. Iliyokwisha kufunguliwa, nyingi zake huruhusiwa kukaa nje ya friji kwa siku 28, mahali pasipo na joto kali. Karatasi iliyomo ndani ya kasha itakueleza ya kwako.

Na wasio na friji kabisa? Hapa kuna habari iliyotoka kaskazini mashariki mwa Kenya. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipima joto la ndani ya nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab. Kwa kutwa nzima lilipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva wakaiga joto hilohilo katika maabara, wakaiweka insulini humo kwa wiki nne, muda wa kutumia chupa moja. Matokeo yaliyochapishwa Februari 2021 yalionyesha kwamba nguvu ya dawa haikutofautiana na ile iliyokaa kwenye baridi. Kwa miaka mingi wagonjwa wa mahali kama pale walilazimika kwenda kituo cha afya kila siku, wakati mwingine mara mbili, kudungwa sindano ambayo wangeweza kujidunga nyumbani, kwa sababu tu hawakuwa na friji. Hiyo haimaanishi chupa zako zote uziweke kabatini. Akiba bado inataka ubaridi. Lakini mgonjwa wa kijijini anayehifadhi dawa yake kwenye mtungi wa udongo kivulini hastahili kukatishwa tamaa.

Je, wajua kwamba huenda kinachokuunguza ni spiriti, wala si dawa? Pamba ikipita na sindano ikafuata hapohapo, ncha huingiza spiriti ndani ya ngozi. Subiri pakauke kabisa. Nyumbani, kama ngozi ni safi na imeoshwa kwa maji na sabuni, spiriti si lazima hata kidogo kwa sindano ya insulini. Epuka pia kudunga kwenye shina la unywele, kwa kuwa penye mizizi ya nywele pana uchungu zaidi.

Sindano mpya imepakwa mafuta laini sana ya silikoni ili iteleze. Ukiitumia mara ya kwanza sehemu ya mafuta hayo hubaki kwenye ngozi, na ncha, ambayo ni nyembamba mno, huweza kupinda kidogo kiasi ambacho jicho halioni. Mara ya tatu au ya nne unajidunga kwa chuma kikavu chenye ncha iliyokwisha kuharibika. Najua kwa nini watu hurudia sindano: bei. Mtu anayehesabu nauli ya kliniki hatupi kitu ambacho macho yake yanamwambia bado kizima, na kumkaripia hakumsaidii. Anayestahili kusukumwa ni yule anayegawa insulini bila kugawa sindano za kutosha. Jambo moja tu halina mjadala: sindano na kalamu hazitumiwi na watu wawili, hata mume na mke, hata ukibadilisha ncha ya kalamu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa kuliko yote. Je, wajua kwamba mahali pasipouma ndipo pa kuogopwa? Insulini yenyewe hukuza mafuta. Ukidunga palepale kila siku, chini ya ngozi huota uvimbe laini, wakati mwingine mgumu kidogo, na hapo hisia za maumivu hupungua. Mgonjwa hugundua kwamba pale hapaumi, naye kwa kutaka nafuu huparudia. Kumbe dawa inayoingia kwenye uvimbe huo haitoki kwa mpangilio: leo inachelewa, kesho inakuja kwa pamoja. Sukari inapanda, daktari anaongeza dozi, sukari inapanda tena, na mgonjwa analaumiwa kwamba anakula vibaya. Huenda hajakosea chakula hata kidogo.

Uvimbe huu huonekana mara chache, hupapaswa. Lowesha vidole kwa sabuni au mafuta, pitisha taratibu juu ya tumbo na mapaja, tafuta palipo tofauti. Ukipapata, papumzishe kwa miezi. Lakini tahadhari, na hili ni kubwa: ukihamia kwenye ngozi nzima ghafla, dozi uliyozoea huenda ikawa kali mno, kwa hiyo zungumza na kliniki kwanza na upime sukari mara nyingi zaidi siku hizo. Ili uvimbe usiote, gawa tumbo katika robo nne, tumia robo moja kwa wiki, na kila sindano iwe mbali na ya jana kwa upana wa kidole. Kitovu kiache. Mapaja, makalio na nyuma ya mkono wa juu nayo yamo katika zamu.

Tukirudi kwenye maumivu, mwaka 1965 Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walieleza kwamba uti wa mgongo una kitu kama mlango: habari za mguso na mgandamizo zikipita kwa wingi, habari za maumivu hubanwa. Ndiyo sababu mtoto akigonga goti hulisugua. Kwa anayejidunga, kukandamiza mahali hapo kwa kidole kwa sekunde 10 kabla ya sindano husaidia. Watafiti wa Ujerumani walionyesha mwaka 2012 kwamba kuona sindano ikichoma mkono huongeza maumivu ya mtu. Anayejidunga lazima aangalie mwanzoni, lakini ikishaingia hana haja ya kuikodolea macho. Ingiza sindano kwa haraka, sukuma dawa polepole, na msuli uwe umelegea. Kwa kalamu, hesabu hadi 10 kabla ya kuitoa, ili dozi yote ibaki ndani.

Wakati mwingine lawama ni ya dawa yenyewe. Insulini ya glajini ina asidi ya makusudi: ikikutana na maji ya mwili yasiyo na asidi hugeuka chembechembe, na chembe hizo huyeyuka kidogo kidogo kutwa nzima. Asidi hiyohiyo ndiyo inayowauma baadhi ya watu. Adalimumabu, dawa ya baridi yabisi, ilikuwa na sitrati iliyochoma vibaya; watengenezaji waliiondoa, wakapunguza ujazo na kutumia sindano nyembamba zaidi, na maumivu yakapungua sana. Ukiwa na dawa ya namna hiyo, mwulize mfamasia kama ipo isiyo na sitrati.

Kwa mama mjamzito anayejidunga enoksaparini ili damu isigande, kanuni ni nyingine kidogo. Kile kipovu cha hewa kwenye bomba lililojazwa kiwandani hakitolewi, labda kama dozi yake ni ndogo kuliko iliyomo. Ngozi iliyokunjwa haiachiwi mpaka sindano itoke. Na baadaye hapasuguliwi, maana kusugua huleta michubuko.

Je, wajua pia kwamba Uganda ni miongoni mwa nchi zilizotangulia kuwafundisha wanawake kujidunga wenyewe dawa ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu? Kifaa chake ni kifuko kidogo cha plastiki chenye sindano fupi iliyokwisha kufungwa. Mwanamke hukitikisa kwa nguvu, hujidunga kwenye tumbo au paja, na hukiminya taratibu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kujidunga huko mwaka 2019.

Na mbu, je, ana la kutufundisha? Mdomo wake una nyuzi sita ndani ya ala moja, naye huzitikisa anapochoma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kansai, Japani, wameunda sindano zinazomwiga. Nchini humohumo, fundi Masayuki Okano alikunja bati jembamba likawa sindano iliyochongoka kuelekea nchani, na mwaka 2005 kampuni ya Terumo ikaitoa kwa wagonjwa wa kisukari, ncha yake milimita 0.2.

Kuna maumivu ambayo mbinu hizi haziyahusu. Ikiwa siku ya pili au ya tatu pamekuwa pekundu, pana joto, pamevimba au panatoa usaha, au homa imekushika, usidunge karibu na hapo tena; nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na uchukue chupa na sindano zako ili wahudumu wazione.