Mafunzo ya kusubiri hadi ndoa: Marekani iligharimia nini, na vijana walinufaika vipi?

TANGU 1981, serikali ya Marekani imegharimia mafunzo ya kuwahimiza vijana wajiepushe na ngono hadi watakapofunga ndoa. Mpango huo ulioanza enzi za Rais Ronald Reagan baadaye ulivuka bahari na kufika Afrika, Kenya ikiwemo.

Ulipata nguvu 1996, Rais Bill Clinton alipotia saini sheria ya kurekebisha misaada kwa maskini. Sheria hiyo ilitenga dola 50 milioni kila mwaka, na kila jimbo lililopokea mgao lilitakiwa kuongeza dola tatu kwa kila dola nne za serikali kuu. Sharti lilikuwa moja: vijana wafunzwe kujiepusha pekee, wala wasihimizwe kutumia kondomu.

Watetezi walishikilia kuwa samaki hukunjwa angali mbichi, na kwamba kumfunza kijana kinga ni kumpa ruhusa. Wapinzani walijibu kuwa atakayeshindwa kusubiri huachwa bila maarifa ya kujikinga.

Mnamo Aprili 2007, utafiti ulioagizwa na bunge la Congress ulitoa matokeo. Ulifuatilia vijana zaidi ya 2,000 katika programu nne. Waliofunzwa hawakutofautiana na wasiofunzwa: takriban nusu ya kila kundi walikuwa wamejiepusha, na walioanza ngono walianza wakiwa na umri sawa. Hata hivyo, hofu kwamba waliofunzwa wangepuuza kondomu haikuthibitishwa pia.

Barani Afrika, ujumbe huo uliletwa na PEPFAR, mpango wa kukabiliana na Ukimwi uliozinduliwa 2003 kwa dola 15 bilioni za miaka mitano. Thuluthi moja ya fedha za kuzuia maambukizi ilitengewa kujiepusha na uaminifu katika ndoa, hadi sharti hilo lilipoondolewa 2008. Utafiti uliochapishwa 2016, uliohusisha mataifa 22, haukuona kuwa zaidi ya dola 1.4 bilioni zilizotumika zilibadilisha mienendo ya watu.

Je, ni kipi kilichobadilisha? Jibu moja lilipatikana magharibi mwa Kenya. Mnamo 2004, katika shule 71, wanafunzi wa darasa la nane walielezwa kwa dakika 40 kwamba wanaume wanaowazidi umri wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na virusi kuliko wavulana wa rika lao. Katika mwaka uliofuata, mimba za wasichana hao zilipungua kwa asilimia 28. Mahali ambapo walimu walipewa tu mafunzo ya mtaala wa kitaifa, uliosisitiza kujiepusha, mimba hazikupungua.

Katika eneo hilo hilo, baadhi ya wanafunzi walipewa sare za shule bila malipo. Hawakuhubiriwa lolote, lakini wasichana waliozipata walibaki shuleni kwa wingi zaidi, na waliopata mimba wakawa wachache.

Marekani kwenyewe, Congress iliendelea kutenga fedha za kujiepusha. Mnamo 2015, mgao ulipandishwa hadi dola 75 milioni, na mnamo 2018 mafunzo yakapewa jina jipya, la kuepuka hatari za ngono.