MAUMIVU YA UBAVU: SI KILA HOMA NI MALARIA

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani, someni habari hii pamoja.

Mtu ametoka shimoni. Jioni anashikwa ghafula na maumivu makali ubavuni, chini ya mbavu za mgongo. Anatapika, jasho linamtoka, hajui alale namna gani. Jirani anasema ni malaria. Mwingine anasema ni msuli. Anameza vidonge na kungoja siku tatu. Kumbe mkojo unavuja ndani ya mwili wake.

Unavujaje, naye hakupigwa? Figo husafisha damu na kutengeneza mkojo. Mkojo hukusanyika katika vikombe na bakuli dogo ndani ya figo, kisha hushuka kwa mrija mwembamba mpaka kibofuni. Kijiwe kidogo, hata cha milimita 5, kikiziba mrija, mkojo hurudi nyuma, bakuli hujaa kupita kiasi, na ukingo wa kikombe hupasuka. Anayefanya kazi kwenye joto bila kunywa maji ya kutosha hupata vijiwe kwa urahisi.

Munganga hutambua hivi:

1. Huuliza maumivu yalianza lini, na kama ulianguka au jiwe lilikupiga. Sema kweli, usimwogope kapita: figo lililopigwa lina matunzo yake.

2. Hupima mkojo, kutafuta damu na vijidudu, na hupima damu. Malaria ikionekana, kazi haijaisha. Huku Ituri watu wengi wana vimelea vya malaria damuni bila kuugua; mtu aweza kuwa navyo na figo likawa ndilo linalomuua.

3. Ekografi huonyesha figo lililovimba na maji yaliyolizunguka. Lakini haitofautishi vizuri mkojo, damu na usaha.

4. Skana humaliza shaka. Dawa ya rangi hutiwa katika mshipa, na picha hupigwa tena baada ya dakika kadhaa, dawa ikiisha kufika katika mkojo. Ikionekana nje ya bakuli, figo linavuja.

Ugonjwa huu ukijulikana mapema, mara nyingi hauhitaji kupasuliwa. Hutolewa dawa za maumivu na za kuua vijidudu, na pengine mpira mwembamba huwekwa ndani ya mrija ili mkojo upite mpaka tundu lizibe. Ukicheleweshwa, mkojo uliovuja huweza kuoza na kuwa usaha, na sumu ikaingia damuni.

Mama, ukiona mumeo ana maumivu ya ubavu pamoja na homa na kutetemeka, damu katika mkojo, au mkojo umekoma, usingoje asubuhi. Nawe ukiwa na mimba, maumivu hayo yasikupite bila kupimwa. Kutoka Mongbwalu mpaka Bunia ni kilomita 80 hivi. Safari hiyo ianze siku ya kwanza, si ya tatu.

Ndugu, shuka kazini na chupa yako ya maji, unywe mpaka mkojo uwe mweupe. Maji ni dawa isiyouzwa dukani.