Mzee wa Mfereji

Wakulima wa Mwea, wengi wenu mlimjua mzee huyu kwa jembe lake, lililolika likabaki kama kijiko. Alilima ekari 4 za mpunga, na tena alikuwa mtengenezaji wa mifereji. Tulimzika kwao, karibu na Kerugoya.

Mfereji aliujua kabla haujaingia maji. Kazi ilipoanza mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, wachimbaji wengi walikuwa watu waliowekwa kizuizini, naye alikuwa mmoja wao. Waliuchimba kwa mikono ule udongo mweusi, unaonata ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Ukimwuliza habari za kambi, alikuonyesha magugu yaliyoota ukingoni.

Maji ya Thiba na Nyamindi hushuka yenyewe kutoka upande wa Mlima Kenya. Basi tope la shubiri moja huku juu ni kiu kwa jirani wa chini, na mzee hakuchoka kulizoa. Usiku mmoja mkulima fulani aliziba mfereji kwa gunia la mchanga ili maji yabaki kwake. (Nakiri, mkulima huyo ni mimi.) Asubuhi nilikuta gunia mlangoni, limefuliwa na kukunjwa. Hakunitaja kwa mtu yeyote.

Bwawa la Thiba lilipokamilika mwaka wa 2022, wajukuu walimpeleka kulitazama. Alisimama kitambo, kisha akauliza, “Na matope yake atazoa nani?”