Rover, Jaguar, motokari: maneno ya gari husafiri vipi?

Tukikuta neno la mkopo, kwa kawaida tunauliza limetoka katika lugha gani, kisha tunaishia hapo. Kwa maneno ya ufundi, swali hilo peke yake halitoshi. Inafaa kuuliza pia: kitu chenyewe kilitengenezwa wapi, kilifika kwetu kwa njia ipi, na ni watu gani waliokuja nacho? Katika makala haya ninaeleza jambo hilo kwa mfano wa gari. Nimechagua mfano huu kwa sababu nilipata nafasi ya kuhudhuria MotoFest, tamasha la magari mjini Coventry, Uingereza, na nilirudi na maneno mengi kuliko picha.

Mji na tamasha lake

Kabla ya magari, mafundi wa Coventry walitengeneza saa, cherehani na baiskeli. Mwaka 1896 kampuni ya Daimler ilichukua kiwanda kikuukuu cha pamba mjini humo, na mwaka uliofuata magari yakaanza kutoka. Baadaye yakaja majina mengine: Rover, Standard, Hillman, Triumph, Jaguar. Leo viwanda hivyo vikubwa vimefungwa. Magari ya Triumph yaliacha kuundwa Canley mwaka 1980. Jaguar iliacha kuunda magari Browns Lane mwaka 2005. Kiwanda cha Peugeot cha Ryton, nje kidogo ya mji, kilifuata mwaka 2006.

MotoFest ilianza mwaka 2014. Magari ya zamani yalipangwa katika mitaa ya katikati, watu walipita kati yake bila kulipa kiingilio, na sehemu ya barabara ya mzunguko ilifungwa ili magari yakimbizwe. Kilichonivutia zaidi ni wenye magari. Karibu kila mmoja amefungua boneti na anaeleza. Mzee mmoja mwenye Triumph Herald alikuwa akimwonyesha mtoto kitufe cha kupunguza hewa inayoingia kwenye kabureta, ili injini ya baridi iwake. Alikitaja jina, akakivuta, akamwambia mtoto alitaje. Magari ya leo hayana kitufe hicho. Mtoto yule alikuwa akifundishwa neno ambalo kitu chake kimekwisha kutoweka barabarani.

Majina yaliyotoka na yaliyoingia

Mifano mitatu inatosha kuonyesha safari za majina. Wa kwanza ni Rover. Kwa Kiingereza neno hilo lina maana ya mtu mzururaji. Mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry alilipa jina hilo baiskeli yake yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa. Baiskeli hiyo ilifika mbali, na hadi leo Wapolandi huita baiskeli yoyote *rower*. Jina la bidhaa moja limekuwa nomino ya kawaida katika lugha nyingine.

Wa pili ni Jaguar, jina lililotoka katika lugha za Kitupi za Amerika ya Kusini na kupitia Kireno. Kampuni yenyewe iliitwa SS Cars. Mwaka 1945 ilibadili jina, kwa kuwa baada ya vita herufi hizo mbili zilikumbusha kikosi cha Wanazi.

Wa tatu ni Hillman Hunter. Gari hili lilikuwa la familia ya magari iliyoitwa Arrow, yaani mshale. Lilipoanza kuundwa Iran mwaka 1967, liliitwa *Paykan*, neno la Kiajemi lenye maana hiyo hiyo. Hapo neno halikukopwa, bali lilitafsiriwa.

Na sisi je?

Mhandisi Frederick Simms, aliyepata haki za injini za Daimler kwa Uingereza, hutajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeanzisha maneno mawili ya Kiingereza: *motor car* na *petrol*. La kwanza limefika hadi kwetu. Lubumbashi tunasema *motokari*, wasemaji wa Lingala *motuka*, Waganda *emmotoka*, Wanyarwanda *imodoka*, na Kiswahili cha zamani cha pwani kilikuwa na *motokaa*.

Chukua sentensi hii ya kila siku: *Shofere anatia esanse mu motokari.* Kitenzi na *mu* ni vya Kibantu. *Shofere* na *esanse* ni Kifaransa. Lakini *motokari* ni Kiingereza, katika nchi iliyotawaliwa na Wabelgiji. Kwa nini? Reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910 ilitoka kusini, na wafanyakazi wengi wa kwanza wa migodi walitoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, ambako wakubwa wa kazi walisema Kiingereza. Nguvu ya Kifaransa kazini iliongezeka baadaye. Kwa hiyo sentensi moja ya maneno matano inahifadhi historia ya mkoa mzima.

Neno *motokari* linapoandikwa katika insha, mara nyingi hupigwa mstari mwekundu na kuwekwa *gari*. Kwa insha ya Kiswahili sanifu, sahihisho hilo lina sababu yake. Lakini tusidhani kwamba tumetoka kwenye neno la kigeni na kurudi kwenye la asili: *gari* nalo ni mkopo, kutoka Kihindi. *Dereva* na *petroli* ni mikopo kama *shofere* na *esanse*. Tofauti ni bandari zilikopitia.

Kazi iliyopo

Coventry ina makumbusho ya usafiri na imekuwa na tamasha la magari, na bado wazee wake wanaharakisha kuwataja watoto majina ya vifaa. Kwetu, maneno ya gereji yako vinywani mwa mafundi waliojifunza kazi kwa kusikiliza mlio wa injini. Vijana wanaofuata husoma hitilafu kwenye kompyuta, kwa maneno yaliyoandikwa na watengenezaji. Fundi mzee akiacha kazi, anaondoka na majina ya vifaa, ya kasoro na ya milio, na kamusi zilizoandikwa Dar es Salaam hazina wajibu wa kuyatunza.

Tunaotafuta mada za kazi za mwisho wa masomo tunaweza kuanzia hapo. Gereji moja, mafundi watatu, picha ya kila kifaa, na kwa kila neno mambo manne: linavyotamkwa, ngeli yake, wingi wake, na nani alimfundisha fundi kulisema. Jibu la swali la nne ndilo litakalotuonyesha njia ambayo neno lilipita hadi kutufikia.