Makande yasiyomaliza kuni: kazi huanza usiku wa kuamkia siku ya kupika

Mpenzi msikilizaji, kila tukitaja makande hewani, ujumbe humiminika. Wapo wanaoyasifia kwa tui la nazi, wapo wanaokumbuka bweni na sahani ya bati. Lakini lalamiko linalojirudia kuliko yote ni hili: makande yanakula kuni.

Lalamiko hilo si dogo. Nyumba yenye mahindi na maharage ghalani inaweza kupitisha wiki nzima ikila ugali na mchuzi mwepesi, kwa sababu tu hakuna moto wa kuivisha maharage. Wanaopoteza zaidi ni watoto. Ndiyo maana leo tunaeleza jinsi ya kupika makande kwa moto mdogo, na mambo machache ya usalama ambayo kila mpishi anapaswa kuyajua.

Chakula kimoja, majina mengi

Huku kwetu kaskazini mashariki mwa Tanzania, kwa Wapare na Wasambaa, makande ni chakula cha nyumbani hasa. Wakikuyu wa Kenya wanayaita githeri, Wakamba isyo, Wajaluo nyoyo, na pwani utasikia pure. Majina ni tofauti, lakini msingi ni uleule: mahindi na kunde au maharage katika chungu kimoja.

Mchanganyiko huo una maana yake. Mahindi peke yake yana upungufu wa baadhi ya viini vya protini vinavyojenga mwili, na maharage yanavyo viini hivyo kwa wingi. Maharage nayo yana upungufu wake, ambao mahindi huujaza. Wazee wetu hawakupima maabara, lakini walipata mlo unaomshibisha mkulima hadi jioni na kumsaidia mtoto kukua.

Kabla ya yote, chagua

Mwaga mahindi kwenye ungo, mahali penye mwanga. Toa mawe, punje zilizooza, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zenye ukungu. Usiseme "moto utaua." Ukungu fulani hutoa sumu iitwayo sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha. Mwaka 2004 nchini Kenya, hasa maeneo ya Makueni na Kitui, watu 125 walifariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyohiyo iliua watu hapa Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Kuchagua kunapunguza hatari, ila hakuimalizi. Kinga kubwa ni kukausha vizuri kabla ya kuhifadhi. Kipimo rahisi ni hiki: chukua chupa safi iliyokauka, weka punje kiasi pamoja na chumvi kavu, funga, tikisa, kisha iache itulie kidogo. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu. Yarudishe juani, juu ya turubai, siyo juu ya udongo.

Loweka usiku

Hapa ndipo kuni zinapookolewa. Punje kavu huchukua muda mrefu kunywa maji. Ukiiweka motoni ikiwa kavu, unalipa kuni ili inywe maji, kazi ambayo ingeweza kuifanya bure usiku kucha ukiwa umelala.

Osha mahindi na maharage, weka kila kimoja kwenye chombo chake, jaza maji ya kutosha, funika, acha saa 8 hadi 12. Maharage huvimba sana, kwa hiyo tumia chombo kikubwa. Asubuhi mwaga maji hayo na usuuze. Maji ya kulowekea hubeba sehemu ya sukari zinazosababisha tumbo kujaa gesi.

Kama maharage yako hayaivi hata ukiloweka, sababu huwa mojawapo ya hizi mbili. Ama ni ya zamani, yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu. Hayo hugoma kulainika. Ama maji ni ya kisima chenye chumvichumvi nyingi. Jaribu maji ya mvua uone tofauti.

Chungu cha watu sita

Andaa mahindi makavu vikombe 2, maharage kikombe 1 na nusu, kitunguu kikubwa 1, nyanya 3, karoti 2, fungu la mchicha au majani ya maboga, chumvi, na tui la nazi moja. Huna nazi? Weka karanga zilizosagwa nusu kikombe, au mafuta vijiko 3 vya chakula. Karanga nazo zichague kama ulivyochagua mahindi, maana sumukuvu huzipata pia.

1. Anza na mahindi, kwa sababu yanachelewa kuiva. Yakishaanza kulainika, ongeza maharage. Mahindi yaliyokobolewa huiva mapema zaidi, hivyo unaweza kuyaweka pamoja na maharage.

2. Yakianza kutokota, yaache yatokote kwa nguvu nusu saa nzima. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara. Moto mkali wa kutokota huiharibu. Moto hafifu usiofikia kutokota hauiharibu.

3. Baada ya hapo punguza kuni, funika vizuri, ongeza maji ya moto yanapopungua.

4. Mahindi na maharage yakishaiva kabisa, ndipo weka kitunguu, karoti na nyanya. Uchachu wa nyanya, limao au ukwaju ukiwahi kuingia, hufanya maharage yachelewe kulainika.

5. Mimina tui, koroga, acha lichemke taratibu. Chumvi weka mwishoni, maji yakiwa yameshapungua, ili usizidishe. Mboga za majani ziingie dakika chache kabla ya kuepua.

Msimu wa mavuno mambo ni mepesi zaidi. Mahindi mabichi na maharage mabichi ya kumenya hayahitaji kulowekwa, huiva upesi, na utamu wake hauhitaji viungo vingi: kitunguu, nyanya na chumvi vinatosha.

Kapu badala ya jiko

Njia nyingine ya kupunguza kuni ni kapu la kuhifadhi joto. Chukua kapu kubwa, lijaze majani makavu, pamba au nguo kuukuu pembeni na chini, acha nafasi ya sufuria katikati, tengeneza na mto wa kufunikia juu. Makande yakishatokota ile nusu saa, epua sufuria ikiwa imefunikwa, iingize ndani ya kapu mara moja, funika kabisa, nenda shambani. Ukirudi utakuta yameendelea kulainika yenyewe. Rudisha motoni yachemke tena, kisha unga. Usifupishe ile nusu saa ya mwanzo. Kapu linatunza joto, haliongezi.

Maswali mnayotuuliza

*Magadi je?* Ni kweli, magadi hulainisha haraka. Lakini huharibu baadhi ya vitamini B, na huongeza chumvi ya sodiamu, jambo baya kwa mwenye shinikizo la damu. Ukiloweka vizuri, hutayahitaji.

*Mtoto mdogo anaweza kula?* Aliyetimiza miezi 6 anaweza kuonjeshwa, lakini ponda hadi yawe laini kama uji mzito, uondoe maganda. Usimpe punje nzima, inaweza kumpalia. Chake kitoe kabla hujaweka chumvi.

*Mama mjamzito?* Maharage yana madini ya chuma, yanayohitajika kutengeneza damu. Mwili huyapata vizuri zaidi ukila pamoja na kitu chenye vitamini C: kamulia limao kwenye sahani, au kula chungwa, embe au papai. Chai ya majani pamoja na chakula hicho huzuia madini hayo yasifyonzwe vizuri, kwa hiyo ikae kando angalau saa moja. Hii haichukui nafasi ya vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki.

*Na kiporo?* Tunajua wengi wenu mnakipenda kuliko makande yenyewe, nasi hatuwalaumu. Lakini yasikae kwenye joto la chumba zaidi ya saa 2. Gawa kwenye vyombo vidogo yapoe upesi, na kama una friji yaweke humo. Wasio na friji, afadhali kupika kinachoisha siku hiyohiyo. Kama umeunga kwa tui, kuwa mwangalifu zaidi, maana tui huchacha upesi. Kiporo kipashwe hadi kichemke chote, siyo kupata uvuguvugu tu. Kikitoa povu au harufu ya uchachu, mwaga.

Basi msikilizaji, kama kesho unataka makande, usisubiri kesho. Leo kabla ya kulala, toa ungo, chagua, osha, loweka. Asubuhi moto utakuwa na kazi ndogo. Na kama kwenu mnayaunga kwa namna nyingine, tutumieni ujumbe ili na wengine wajifunze.