Mistari Myeupe Mdomoni: Usimhukumu Mtu kwa Kumtazama

Leo tuzungumzie mdomo.

Huenda mama akaenda kung'olewa jino, na mhudumu wa meno akaona mistari myeupe ndani ya mashavu, imesukana kama wavu. Ugonjwa huu huitwa laikeni planasi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini, hugeuka na kushambulia ngozi laini ya mdomo. Huwapata zaidi wanawake waliopita miaka 40. Kwa watoto ni nadra sana.

Una sura mbili kuu. Ya kwanza ni hiyo mistari myeupe, kwa kawaida mashavu yote mawili, na mara nyingi haiumi. Ya pili ni wekundu na vidonda mashavuni, kwenye ulimi au ufizi. Hapo chai moto, pilipili na machungwa huchoma.

Usichanganye na utando mweupe wa mtoto mchanga. Ule wa mtoto huletwa na ukungu, na ukipangusa hutoka. Mistari hii haitoki, kwa hivyo usiisugue kwa chumvi wala kitambaa.

Je, unaambukiza? Hapana. Hauambukizwi kwa kikombe, kijiko wala busu. Pia, mistari hii si dalili ya Ukimwi. Mama asijifungie nyumbani kwa sababu ya maneno ya majirani. Mwenye wasiwasi aende apimwe, ajue ukweli.

Daktari anaweza kukata kinyama kidogo kipimwe. Ugonjwa hudumu miaka mingi, lakini dawa ya kupaka hupunguza maumivu. Mweleze dawa zote unazotumia, hasa za presha, kwani baadhi huleta alama kama hizi. Usiziache bila ushauri wake.

Sasa sikiliza vizuri. Kati ya wagonjwa 100, karibu mmoja huja kupata saratani ya mdomo. Kwa hivyo:

- Kaguliwa mdomo angalau mara moja kila mwaka.
- Tumia mswaki laini, asubuhi na jioni.
- Achana na sigara, ugoro na pombe.
- Kidonda kisichopona kwa wiki 2, kipeleke kituo cha afya kilicho karibu. Watakuelekeza kwa daktari wa meno katika hospitali ya rufaa, Kisii au Nyamira.

Leo jioni, mwombe nyanya afungue mdomo, umtazame kwenye mwanga.