Ua la Rangi ya Maji Halitaki Kubanwa



Mwaka jana kikundi chetu hapa Kiganjo (hii yetu ya Thika, si ile ya Nyeri yenye chuo cha polisi) kilirudishiwa kadi. Mteja alikuwa ameagiza kadi za harusi zilizochorwa maua kwa mkono, na moja akaitia kwenye fremu, akaitundika karibu na dirisha. Baada ya miezi michache akaja nayo. Bogenvilia iliyokuwa nyekundu ya kuwaka ilikuwa imebaki rangi ya chai ya maziwa. Mama wa watu hakugombana, aliiweka tu mezani. Tulimrudishia pesa zake, na siku hiyo mkutano ulichelewa kuisha, maana zile rangi tulikuwa tumezinunua kwa pesa za mzunguko. Kuna waliosema tuachane na mambo ya maua, turudi kwa kuku.

Hatukurudi kwa kuku. Lakini ilibidi tujifunze upya tangu mwanzo, na ninaandika haya ili kikundi kingine kisipoteze kama sisi.

Kwanza tuelewane rangi ya maji ni nini. Sisemi ile ya kupaka ukuta. Hii ni rangi ya unga laini sana iliyosagwa pamoja na gundi ya mgunga, aina ileile ya gundi ambayo ndugu zetu wa Turkana, Samburu na Marsabit huikusanya kwenye miti na kuiuza. Ukitia maji, gundi inalegea na rangi inatembea. Maji yakikauka, gundi inaushika unga kwenye karatasi. Ni hayo tu. Ndiyo maana rangi hii haina siri: karatasi inaonekana kupitia ndani yake, na weupe wa picha ni weupe wa karatasi yenyewe. Ukikosea huwezi kufunika kosa kwa rangi nyingine, kama vile fundi anavyofunika nyufa kwa plasta.

Sasa, kuna namna mbili za kuchora ua. Ya kwanza ni ile ya kunakili kila mshipa wa jani. Hapa Kenya aliyesifika kwa namna hiyo ni Joy Adamson, yule wa simba Elsa. Kabla ya simba alikuwa mchoraji wa maua. Alifika Kenya mwaka 1937, akaolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea ambaye naye alikuwa akichora mimea, na huyo ndiye aliyemtia moyo. Mwaka 1947 alipewa medali ya dhahabu ya Grenfell na chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza. Kazi yake ilikuwa ya kumwezesha mtaalamu kuutambua mmea kwa kuuangalia tu kwenye karatasi. Hiyo ni kazi ya heshima, lakini ni ya mtu mwenye siku nzima kwa ua moja.

Sisi tulianza hivyo hivyo, tukijaribu kuwa Joy Adamson. Kadi moja ilimaliza asubuhi yote. Tulisugua karatasi hadi ikatoa nyuzi. Kuna cucu mmoja kikundini, mkono wake ni wa jembe na wa kusuka kiondo, alinitazama siku moja akasema, "Wewe mwanangu, huchori. Unapalilia." Wote walicheka, nami nikacheka, lakini alikuwa amesema kweli.

Namna ya pili ni ya mkono mwepesi. Unaliangalia ua vizuri, unaamua, halafu unaligusa karatasi mara chache tu na kuyaachia maji yamalize. Wachina wana jadi ya zamani ya kuchora hivi. Xu Wei, aliyeishi kati ya mwaka 1521 na 1593, alichora maua na mizabibu kwa wino na maji, kwa mapigo machache ya brashi, na hadi leo mtu akitazama anajua hili ni ua gani. Kwa hiyo mkono mwepesi si uvivu. Uangalifu wote unahamia kabla ya brashi kugusa karatasi.

Wacha nieleze kwa bogenvilia, kwa sababu iko kwenye kila ua la boma hapa Thika na inamsamehe anayejifunza. Ukiiangalia kwa karibu utaona kwamba ile sehemu yenye rangi si ua. Ni majani matatu membamba kama karatasi, na ua lenyewe ni kile kijiti kidogo cheupe kilicho katikati. Basi unahitaji mapigo matatu tu. Chukua brashi ya duara iliyo nene kidogo, namba 8 au 10. Brashi nyembamba ya watoto itakufanya upalilie. Ijaze rangi nyepesi yenye maji mengi. Gusa karatasi na ncha, kandamiza tumbo la brashi, inua. Hilo ni jani moja. Fanya la pili na la tatu, ukiacha kijinafasi cheupe katikati. Kabla hayajakauka, chovya rangi nzito zaidi na uguse pale chini majani yanapokutana. Utaona rangi inakimbia yenyewe kuelekea juu. Usiifuate! Gusa kijani kwa kikonyo, nacho kiingie kidogo kwenye wekundu. Sehemu nyingine kingo zitakuwa kali, nyingine zitapotea, na hapo ndipo jicho la mtazamaji linapomalizia kazi.

Makosa mengi yanatokana na kurudi. Karatasi ikiwa imeanza kukauka nusu nusu, ukaongeza tone la maji, maji yale yanasukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo za mawimbi kama koliflawa. Si laana, ni maji kutoka penye mengi kwenda penye machache, yakibeba unga na kuutua yanapoishia. Ama ongeza wakati bado kuna maji yanayong'aa, ama ngoja ikauke kabisa. Katikati ya hapo weka mikono mfukoni. Jua pia kwamba rangi ikikauka inapauka kidogo kuliko ulivyoiona ikiwa mbichi, kwa hiyo anza na iliyokolea kidogo kuliko unavyotaka.

Hali ya hewa nayo ina neno. Mwezi wa saba, wakati huku kwetu kuna baridi na mawingu, karatasi inakaa mbichi kwa muda na rangi zinaingiliana vizuri. Mwezi wa kwanza saa sita mchana hufiki jani la tatu kabla la kwanza halijakauka. Sisi wakati wa jua kali tunachora asubuhi mapema.

Jakaranda ikichanua, kuanzia mwezi wa tisa hivi, usijaribu kuhesabu maua. Weka doa la zambarau lenye maji, sehemu bluu zaidi, sehemu pinki zaidi, kisha pembeni chora vitarumbeta vitatu au vinne tu. Mtu ataona mti mzima.

Ua ninalolipenda mimi ni la kahawa. Wengi wetu tumelelewa kwa kahawa, na kituo cha utafiti wa kahawa kiko hapo Ruiru, lakini ni kadi ngapi umeziona zenye ua la kahawa? Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, matawi yanafunikwa na weupe kwa siku chache, na harufu yake inafika barabarani. Kulichora ni fumbo kidogo, kwa sababu ua jeupe halichorwi. Unachora kijani kilichokolea cha majani kulizunguka, na ule weupe ulioacha ndio unakuwa ua lenye ncha zake tano. Tulipoonyesha kadi hizo, wateja waliokuwa wakipita waridi bila kutazama walisimama.

Karatasi. Hapa usibane pesa mahali pasipofaa. Karatasi ya daftari ikilowa nyuzi zake zinavimba na inajikunja, na hairudi. Tafuta karatasi ya rangi za maji yenye uzito wa gramu 300 kwa mita mraba. Ni ghali, ndiyo. Lakini huhitaji kuifanya kadi yote kwa karatasi hiyo. Kata kipande kidogo, chora, kisha ukibandike juu ya manila iliyokunjwa. Shiti nzima ya kawaida ni sentimita 56 kwa 76. Mwanzoni tulikuwa tukikata vipande vya 10 kwa 14 na kupata 25. Mweka hazina wetu akaigeuza shiti, 14 ikalala upande wa 56 na 10 upande wa 76, akapata 28. Vipande vitatu zaidi bila kuongeza shilingi! Na ule utepe wa sentimita 6 uliobaki ndio tunajaribia rangi.

Sasa turudi kwa ile kadi iliyofifia, kwa sababu hilo ndilo lingetuua. Rangi hazifanani mbele ya jua. Jambo hili limejulikana kwa muda mrefu: mwaka 1888 huko Uingereza, Russell na Abney walitoa ripoti baada ya kuanika rangi nyingi za maji kwenye mwanga. Nyingine zilitoweka, nyingine hazikutikisika. Siku hizi tyubu nzuri huandikwa namba ya unga uliomo, kwa herufi ndogo ndogo. Nyekundu iliyoandikwa PR83 hufifia. Pinki zile za kuwaka kama reflekta nyingi pia hufifia. PV19 inastahimili, bluu PB29 inastahimili, na njano PY154 pia. Hizo tatu zinatosha kuanza, kwani kijani unakipata kwa kuchanganya bluu na njano na tone la nyekundu ili kisiwe kikali, na zambarau ni bluu na PV19. Vidonge vya rangi za watoto wa shule mara nyingi havina namba yoyote. Vya kujifunzia mkono ni sawa, vya kuuza hapana.

Usiniamini mimi, wala muuza duka. Chukua ule utepe, paka mstari wa kila rangi mliyo nayo, andika jina lake, funika nusu kwa kadibodi nzito, na uubandike dirishani panapopigwa na jua. Baada ya miezi mitatu funueni mkiwa wote mkutanoni. Sisi katika rangi tisa tulizokuwa nazo, nne zilikuwa zimekwenda. Tuliwapa watoto wa Sunday school wazichezee.

Utepe mpya uko dirishani sasa hivi, kwenye stoo tunamokutania, kwa ajili ya nyekundu moja aliyotuletea binti ya mwanachama kutoka Nairobi. Haina namba. Cucu anasema itafifia. Mwenyekiti anasema haitafifia. Tutafunua mwisho wa mwezi ujao.